Mkono Wangu wa Kushoto

Mwanangu Lusungu,

Najua utacheka ukikuta nimekuandikia barua wakati chumba chako na changu vimetenganishwa na ukuta wa tofali tu, na ukigeuka kitandani nasikia. Cheka, sikukatazi. Mimi ni mwalimu, na mwalimu akishindwa kusema huchukua chaki.

Mambo ya sweta, ya pasipoti, ya chakula cha njiani na ya kutosinzia na simu mkononi ndani ya basi sitayarudia. Nimeyasema wiki nzima mpaka baba yako akaniuliza kama nimemeza redio. Ninaloandika ni jingine. Leo tulipokuwa mezani, ugali ukiwa bado unafuka moshi, ulisema, "Mama, kuna kitu nilitaka kukwambia." Nami nikainua mkono wa kushoto, kiganja kikikuelekea wewe, nikasema tule kwanza. Ukanyamaza. Ukala, ukaosha vyombo, ukatutakia usiku mwema, ukaingia chumbani kwako. Asubuhi unavuka mpaka kwenda Nakonde kupanda basi la Lusaka, na kutoka Lusaka la Johannesburg, na mimi sijui ulitaka kusema nini.

Nimemuuliza baba yako. Anasema labda ni habari ya chaja ya simu. Baba yako ni mtu mwema na usingizi wake haujawahi kumdai kitu. Mimi nimeshapita kote. Labda unaumwa. Labda hutaki tena kwenda na unaona haya, maana kanisa zima hapa kwetu Mpemba limeshakuombea. Labda kuna kijana huko na jina lake siwezi kulitamka. Labda umeamua hutarudi, na ulitaka kunieleza taratibu kabla sijasikia kwa watu. Kila nikilitoa moja linaingia jingine, na roho yangu iko juu kama maziwa yanayotaka kumwagika. Lakini kinachoniumiza zaidi ni ule mkono. Mimi naufahamu na wewe unaufahamu, tangu ile siku ya Ileje.

Ulikuwa darasa la pili tulipokwenda kumzika bibi yako, mama yake baba. Wewe una kumbukumbu yako ya mtoto, uliyoiona ukiwa umesimama pembeni. Ngoja nikupe yangu.

Unajua jinsi tunavyozika. Kwaya inatangulia jeneza kutoka nyumbani hadi kaburini, na mwalimu wa kwaya anatembea kinyumenyume mbele yao, uso kwa waimbaji na kisogo kwa njia, ili waone mikono. Nilikuwa mwanamke wa kwanza kufanya kazi hiyo kwenye kwaya yetu, na nilijiona nimefika. Nilikuwa mkali, Lusungu. Nilikuwa nikiwaandikia do re mi ubaoni, na mtu akikosea mara ya pili nilimtaja kwa jina mbele ya wenzake. Sheria yangu ilikuwa moja: macho kwenye mikono yangu, mdomo ni wa wimbo. Mama yako mdogo Ester, mdogo wangu wa tumbo moja, aliwahi kusimamisha wimbo mazoezini kwa sababu mtoto wa mwenzake alikuwa anachezea waya wa umeme. Nilimkatiza kwa ukali sana mbele ya wote. Nilimwambia kwaya si sokoni. Alilia, na mimi nikaona nimejenga nidhamu.

Basi siku ile Ileje mvua ilikuwa imekatika asubuhi, na njia ya kutoka nyumbani kwa bibi kwenda makaburini inateremka kati ya migomba. Pembeni ya ile njia kuna mtu alikuwa amechimba udongo wa tofali, akaacha shimo wazi, nalo limejaa maji mekundu. Nilikuwa nimevaa joho jeupe. Nilikuwa naendesha ule wimbo vizuri, nakumbuka, nafikiri sijawahi kuwaendesha vizuri kama siku ile. Walikuwa wananitazama wote. Nilifurahi jinsi walivyonikodolea macho. Kumbe walikuwa wanaliona shimo.

Wewe ulikuwa umejitenga na watoto wenzako ukawa unatembea kando ya sauti ya kwanza. Ukasema kwa sauti, "Mama." Nikakutazama kwa jicho lile, na mkono wa kushoto ukainuka, kiganja kwako. Nyamaza, tuko msibani. Nawe ukanyamaza. Ulikuwa mtoto mtiifu. Hatua iliyofuata sikukanyaga kitu.

Unajua walichofanya waimbaji wangu? Walimaliza ubeti. Mimi nimo ndani ya tope hadi kifuani, mkono wa kushoto umegeukia upande usiokuwa wake, na kwaya imesimama ukingoni juu yangu, wazee na akina mama, wanaimba sauti zote nne bila kukosea, kwa sababu nilikuwa nimewafundisha wasikatishe wimbo. Jeneza la mama mkwe wangu likasubiri. Baba yako ndiye aliyeruka akanitoa. Baadaye nilimuuliza Ester kama aliliona lile shimo. Akanijibu bila hasira hata kidogo: "Nililiona, dada. Lakini ulisema kwaya si sokoni."

Watu wa Ileje wanaisimulia hadi leo na wanacheka, na mimi nacheka nao, maana nisipocheka wataisimulia nikiwa sipo. Lakini kuna sehemu sijawahi kuicheka. Nilipokuwa nimelala kwenye gari kwenda hospitali, ulikaa kichwani pangu na hukusema neno njia nzima. Nikakuuliza kama umeumia. Ukatikisa kichwa. Nikakuuliza mbona husemi, na ukanionyesha mkono wako mdogo, kiganja mbele, kama nilivyokuonyesha mimi. Hukuwa unanikejeli. Ulikuwa unanieleza kwamba bado unanyamaza, kwa vile nilikuambia unyamaze na sikuwa nimekuambia basi.

Mkono ulikaa kwenye plasta muda mrefu. Ester akashika kwaya, na mimi nikakaa kwenye benchi la sauti ya pili, nikiongozwa na mdogo wangu. Mwanzoni nilikaa pale kama mtu aliyemeza mwiba. Mikono yake ilikuwa laini mno, niliona, na alikuwa anachelewa kuingia. Halafu nikagundua hachelewi. Alikuwa anasubiri Mzee Simbeye wa sauti ya nne apate pumzi. Miaka yote nilikuwa namsikia yule mzee akikata maneno katikati nikadhani hajui wimbo, kumbe mapafu yake yanahitaji nukta kidogo, na mimi sikuwahi kumpa. Kwenye lile benchi niliisikia kwaya yangu kwa mara ya kwanza. Ukiwa mbele unasikia unachokitaka. Ukiwa benchini unasikia kilichopo.

Niliporudi mbele nilianzisha ule utaratibu uliokulia ndani yake: mtu yeyote, hata aliyejiunga jana, akiona jambo haliendi anagonga benchi, na sote tunasimama. Kugonga benchi. Wachungaji wanaokuja wapya hushangaa. Na wewe ukiwa binti mdogo uligonga mara nyingi kuliko mtu yeyote, mara nyingine kwa sababu tu ulitaka kwenda chooni. Niliridhika. Nilidhani nimelipa.

Lakini kanisani niliweka benchi, nyumbani sikuweka. Nyumbani mkono uliendelea. Ukija na habari ya shule nikiwa nasahihisha madaftari, mkono. Ukitaka kuuliza kwa nini mimi na baba yako hatuongei wiki ile, mkono. Sikukupiga mara nyingi na sikukutukana, na kwa hiyo nilijihesabu mama mpole. Ulipokwenda shule ya bweni na mwalimu wa muziki akakupa ile fidla ya zamani iliyokuwa kabatini, ulirudi likizo ukiwa unaipiga mchana kutwa nyuma ya jiko, kuku wakakimbia. Nikakuuliza kwa nini fidla, mbona una sauti nzuri ya kuimba, mbona usiimbe kwenye kwaya ya mama yako. Ulikuwa unapaka uta ule ulimbo wake. Ukasema bila kuniangalia, "Fidla hainikatizi." Nilicheka. Nilienda kuwasimulia walimu wenzangu ofisini kama kichekesho. Ilichukua miaka kabla lile neno halijanirudia, nikiwa peke yangu jikoni.

Ndiyo maana nilifurahi ulipoingia kwenye okestra Dar es Salaam, ukakaa katikati ya fidla za pili, umezungukwa. Niliona mwanangu amepata watu wa kusema nao. Kisha mwongozaji wenu akaugua, ukashika mazoezi ya jioni moja, yakawa mengi, na siku moja ukanipigia simu kuniambia umeweka fidla chini na umeshika kijiti cha kuongozea. Nilisema hongera. Baada ya kukata simu nilikaa nikiutazama mkono wangu wa kushoto. Baba yako alishangilia kwa niaba yetu sote wawili. Hata sasa akiulizwa na watu wa Tunduma anasema mwanangu ni kiongozi wa okestra, kwa sababu akisema kondakta wanamuuliza ni wa basi gani.

Nilipokuja Dar kukuona nilikaa nyuma kabisa ya ukumbi. Nilikuona mgongo tu, kwa muda wote ule. Mgongo wako ulikuwa umenyooka, mabega yametulia, na wale watu wazima wenye vyombo vyao walikuwa wanakutazama wewe. Nilijivuna hadi nikaona aibu. Na hapo hapo nikaanza kutafuta kwa macho kama kuna shimo nyuma yako.

Sasa nikueleze kilichonitia hofu hasa, maana hili sijakuambia. Jumapili ile uliyoombwa uiongoze kwaya yetu katika wimbo mmoja wa kukuaga, mazoezini, ulitaka wimbo uende taratibu sana, kwa namna mliyozoea huko mjini. Ulikuwa mzuri, sikatai. Katikati Mzee Simbeye alifungua mdomo. Nilimwona anatafuta benchi kwa mkono, na kabla hajaligonga, mkono wako wa kushoto ukainuka, kiganja kwake, na jicho. Akaurudisha mkono wake mapajani. Alikuwa anataka kukuambia kwamba kwa mwendo ule pumzi hazimfikishi. Hakukuambia. Alifungua mdomo bila sauti mpaka mwisho, na wewe hukujua kwamba besi yako imepungua mtu.

Tulipokuwa tunatoka alinishika bega akacheka. "Huyu ni wako, Mwalimu," akasema. "Mkono ule ule." Nami nikacheka, nikafika nyumbani nikashindwa kula.

Nilitaka kukuambia siku ile. Sikuthubutu. Nilijiambia utadhani nakuonea wivu, mwalimu wa kwaya ya Mpemba anamfundisha kazi mtu wa okestra. Sijui kusoma yale makaratasi yenu yenye mistari, na hizo tarumbeta sijui zinaingiaje. Ninachokijua ni mkono huo. Naujua ulikotoka. Kwenye hiyo okestra ya Johannesburg unayokwenda kuiongoza, wapigaji wenyewe ndio watakaosema, baada ya miezi ya majaribio, kama wanakutaka ubaki. Nao hawatakuwa akina Mzee Simbeye waliokubeba mgongoni ukiwa mchanga na wanaokusamehe kabla hujakosea. Watu usiowajua wakiliona shimo nyuma yako wanaweza kunyamaza kwa heshima, au kwa hofu, au kwa sababu wana hamu ya kuona utakavyoanguka. Wote utawaona wamekukodolea macho, na utafurahi. Hicho ndicho kinachonikaba, Lusungu. Nyimbo unazijua, siziogopi. Naogopa utaanguka mbele ya watu waliokuwa wanaona, kwa mkono niliokupa mimi.

Na fidla unataka kuiacha. Nimeiona umeisimamisha nyuma ya mlango wa sebule, umeifunika kitenge, umemwambia baba yako huna tena kazi nayo na begi ni zito. Nakuomba uiondoe pale. Sikuombi uipige mbele za watu. Nakuomba siku moja moja, mtu mwingine akiwa mbele, ukae na fidla yako kwenye viti vya nyuma, uongozwe. Hata kama aliye mbele hajui kitu. Hasa kama hajui kitu. Utasikia kilichopo. Mimi ilinibidi nivunjike mkono ndipo nikae benchini, na sitaki wewe upite njia hiyo.

Kwa upande mwingine najiuliza kama nina haki ya kukuomba chochote leo, baada ya kilichotokea mezani. Maana sikukuzuia kwa sababu ya ugali. Nilikuwa naogopa. Ulisema "kuna kitu" na sauti yako ilishuka kidogo, na mimi nikaona kama kuna jambo linakuja ambalo sitalimudu usiku wa mwisho, nikalifungia mlango. Nafikiri mara nyingi ilikuwa hivyo. Watu wanadhani mwalimu anayenyamazisha watu ni mtu jasiri. Mimi nilinyamazisha watu kwa sababu nilihisi wakisimama kidogo tu, wimbo utanivunjikia mikononi na nitabaki nimesimama mbele yao bila kitu.

Ukishavuka tu hapo ng'ambo saa zao ziko nyuma ya zetu, na Johannesburg ni hivyo hivyo. Kuanzia kesho nitakuwa natangulia kuamka na natangulia kuwaza, na wewe utakuwa bado umelala. Kukuuliza kwa simu sitaweza. Nakujua, utasema haikuwa kitu, Mama, nimeshasahau. Nimekufundisha kusema hivyo. Kwa hiyo nahitaji unieleze ukiwa bado upande huu, hata kama ni neno baya, hata kama linanihusu mimi, hata kama ni chaja ya simu na baba yako atanicheka mwaka mzima.

Nimepanga hivi. Barua hii naiweka juu ya viatu vyako, ili usiweze kutoka bila kuiona. Baba yako atasukuma lile sanduku kubwa la magurudumu. Wewe utabeba mkoba wako tu. Tutapita kando ya malori yaliyopanga foleni, na mawakala wa mabasi wa ng'ambo wataanza kutuita mapema, mulishani bamayo, mulishani, yaani hujambo mama, na mimi nitawaitikia kwa Kibemba changu kibovu na utaona aibu kama kawaida. Ukitaka kuniambia, gonga. Gonga kwenye lori la watu, gonga kwenye geti, gonga popote, nitasimama hapo hapo katikati ya njia hata kama watu wanatusukuma.

Na begi lako la nguo nitalibeba mimi kwa mkono wa kulia, na fidla kwa mkono wa kushoto, hadi mwisho pale wanapokataza wasio na pasipoti kupita. Baba yako atataka kunisaidia, na wewe utasema, Mama, nipe moja. Usinipokee hata moja, mwanangu, mpaka umeshaniambia. Niache hivyo hivyo, mikono yote miwili imejaa.

Mama yako